Mwalimu wa uuguzi bado ni muuguzi

Wengi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, huamini kwamba muuguzi anayekwenda kufundisha chuoni au kufanya utafiti ameacha uuguzi, na kwamba masomo ya kazi hiyo huishia A1, yaani ngazi ya kwanza ya chuo baada ya sekondari. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa wodini tunakutana zaidi na wenye A2 (ngazi ya sekondari) na A1. Hata hivyo, juu yao kuna A0, yaani lisansi ya chuo kikuu, na baada yake mtu anaweza kuendelea hadi shahada ya uzamivu.

Mwalimu wa namna hiyo husimama kando ya kitanda pamoja na wanafunzi wa staji (mafunzo ya vitendo hospitalini), saa mkononi, akihakikisha kwamba lita moja ya seramu, yaani maji ya kutundikiwa mshipani, iliyopangiwa kuisha kwa muda wa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita, inashuka takriban matone 42 kwa dakika. Utafiti wake nao huanzia hapohapo: mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya muda gani ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, au maumivu ya mtoto asiyejua kusema yapimwe vipi. Maswali hayo, kwa maoni yangu, huulizwa vyema na aliyewahi kukesha zamu.

Anayetaka kuhakikisha kwamba mwalimu huyo hajaacha uuguzi aulize chuoni ni nani husimamia staji, au asome katika tasnifu yake sehemu ya mbinu, inayoeleza data zilikusanywa wapi na vipi.