Je, wajua kwa nini kimelea cha malaria hutambulika kikiwa kwenye ini lakini hujificha kikiingia kwenye damu?

Seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, ziitwazo seli T muuaji, haziwezi kuchungulia ndani ya seli nyingine. Hutegemea kile ambacho seli yenyewe imekitoa nje. Karibu kila seli yenye kiini hukatakata baadhi ya protini zilizomo ndani yake, ikachukua vipande vya asidi amino 8 hadi 10 hivi, ikavipachika kwenye molekuli maalumu na kuviweka juu ya utando wake, mithili ya mchuuzi wa samaki wa Bagamoyo anayetandaza vipande mezani ili mpita njia ajue kilichomo tengani bila kulifunua. Seli T hupita zikivipapasa. Vipande vya mwili wenyewe kwa kawaida haviziamshi, kwa kuwa nyingi kati ya zile ambazo zingevishambulia huangamizwa mapema katika tezi ya thaimasi, kifuani. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha mwaka 1974 kwamba seli T haitambui kipande peke yake, bali kipande pamoja na molekuli iliyokibeba. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Hata hivyo, seli T ambayo haijawahi kukutana na antijeni yake, yaani kitu cha kigeni inachokitambua, huhitaji kuamshwa. Kazi hiyo hufanywa hasa na seli za dendriti, ambazo humeza vijidudu ngozini na kwingineko, kisha husafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba kinenani na kuitwa mtoki mguu unapokuwa na kidonda.

Sasa tuje kwenye malaria, ugonjwa ambao watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa dalili zake. Kimelea kilichoingizwa na mbu hukimbilia kwenye ini, na seli za ini zina kiini, hivyo kwa muda wa wiki moja hivi huweza kukianika mbele ya seli T. Kikishaingia kwenye seli nyekundu za damu, mambo hubadilika: seli hizo hazina kiini wala molekuli za kuonyesha vipande, na seli T muuaji hupita bila kujua lolote. Hapo mwili hutegemea zaidi bandama na kingamwili, protini za kinga ambazo hunasa antijeni ikiwa nzima. Nazo hupata shida, maana kimelea cha malaria kiitwacho *Plasmodium falciparum* kina jeni 60 hivi za kubadilishia protini kinayoiweka juu ya seli nyekundu. Ndiyo maana kinga ya mtu mzima hujengeka polepole, baada ya kuugua mara nyingi, nayo hupunguza makali ya ugonjwa kuliko kuzuia maambukizi.

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyojaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, na Korogwe iliyoko mkoani Tanga, hulenga protini inayokifunika kimelea kabla hakijaingia kwenye ini. Watoto walioianza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi ya nne walipungukiwa na malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka 4 hivi. Nguvu yake kubwa ni kingamwili, na kimelea kimoja kinachoziponyoka huweza kuzaliana ndani ya seli moja ya ini hadi kufikia maelfu kwa maelfu.