Je, wajua kwa nini ndege ndogo ikitua kwenye nyasi inaweza kupinduka miguu juu?

Ushawahi kuona picha ya ndege ndogo imelala chali katikati ya majani, tairi zinaangalia mbinguni, rubani kasimama pembeni hana hata mchubuko? Wengi wakiiona wanasema injini ilizima, kumbe wakati mwingine injini ilikuwa nzima na ndege ilishagusa chini vizuri tu, balaa limeanzia palepale kwenye nyasi.

Chanzo kikubwa ni tairi la mbele. Ndege kama Cessna 172 ina tairi tatu, mbili kubwa ziko chini ya mabawa na hizo ndo zimetengenezwa kubeba kishindo cha kutua, ile ya mbele karibu na propela kazi yake ni kuongoza ndege ikishatulia chini na mguu wake ni mwembamba, haukuundwa kupigizwa. Sasa rubani akija na spidi kubwa, ndege haikai, inaelea tu juu ya majani huku uwanja unaisha, naye anaingiwa presha anasukuma usukani mbele ili ailazimishe kushuka. Tairi la mbele linagonga kwanza. Kwenye lami pengine ingeruka ruka tu, ila kwenye ardhi laini tairi linazama au linaingia kwenye shimo la mnyama lililofichwa na majani, pua inasimama ghafla lakini uzito wote nyuma bado unakwenda, mkia unanyanyuka, propela inachimba udongo, na ikiwa bado ina mwendo inapitiliza mpaka inalala chali.

Na spidi ina hesabu yake. Ukizidisha spidi kwa 10% tu, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza inaongezeka kwa 21%, na hapo breki zenyewe kwenye nyasi hazishiki vizuri. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inawashauri marubani wahesabu umbali wa kutua uongezeke 15% kwenye nyasi kavu na 35% zikiwa na maji. Kinachoshangaza ni nyasi fupi zilizolowa juu ya ardhi ngumu, yani zile unazoziona nzuri kabisa, hizo zinateleza kama sabuni na umbali unaweza kufika 60% zaidi. Mtu anakanyaga breki, tairi zinaacha kuzunguka, ndege inaserereka tu mpaka kwenye uzio.

Ndo maana rubani makini uwanja asioujua anaupita juu kwanza auangalie, au kama anaweza anakwenda kuutembea kwa miguu, anakanyaga kwa kisigino kuona kama udongo unabonyea. Wakati wa kutua anashikilia usukani nyuma, pua inabaki juu, na hata tairi za nyuma zikishagusa haachii, anaacha pua ishuke yenyewe taratibu spidi ikiisha, breki anazigusa kidogo sana. Akiona anaelea kupita kiasi anaipa injini nguvu yote anapaa tena, na mimi naona huo ndo uamuzi wa maana kuliko ufundi wowote wa mikono.

Halafu hata kama haijapinduka, propela ikigusa udongo kidogo tu injini inatakiwa ifunguliwe ikaguliwe, kwa sababu krankshafti, yani ule mhimili wa ndani ya injini unaozungusha propela, uliokuwa unazunguka kwa kasi ikikwama ghafla inaweza kupata ufa usioonekana kwa macho.

Ikitokea umo ndani na imepinduka, unaning'inia kwenye mkanda kichwa chini, mkono unakimbilia kwanza kufungua mkanda. Usifungue hivyo hivyo, maana utaangukia shingo. Kwanza weka mkono mmoja kwenye dari ujizuie, ndo ufungue kwa mkono mwingine, kisha toka haraka usogee mbali maana mafuta yanaweza kuwa yanavuja kutoka kwenye matenki ya mabawani.