Avid: pesa imo mfukoni, mapato hayamo vitabuni

Vijana wanaoediti video za harusi hapa Mombasa huniuliza kama yafaa kujifunza Media Composer, programu ya kuhariri video, maana wamesikia kwamba Avid, kampuni inayoitengeneza, iliwahi kuondolewa kwenye soko la hisa. Wengi hudhani programu yenyewe ilikuwa mbovu. Sivyo. Kwa kazi ya televisheni, pale wahariri kadhaa wanapogawana mradi mmoja bila kuvurugiana, mimi sijaona ya kuishinda. Tatizo lilikuwa pesa, na jinsi pesa hiyo ilivyoandikwa.

Bill Warner aliianzisha Avid mwaka 1987 huko Massachusetts, Marekani, na Media Composer ikaonyeshwa hadharani mwaka 1989. Enzi hizo hukununua programu tu. Ulinunua mtambo mzima, kompyuta na kadi na diski zake, kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 1999 Apple ikatoa Final Cut Pro, programu yake ya kuhariri, kwa dola 999. Faida ya kuuza mitambo ikaanza kuyeyuka.

Avid ikajibu kwa kununua makampuni. Mwaka 2004 ilichukua M-Audio, watengenezaji wa vifaa vya sauti, na 2005 ikachukua Pinnacle Systems, watengenezaji wa programu na vifaa vya video, kwa takriban dola milioni 462. Kufikia 2012 iliuza M-Audio pamoja na programu za Pinnacle za watumiaji wa nyumbani, na zote kwa jumla hazikufika dola milioni 20. Ni kweli vifaa vya Pinnacle vya vituo vya utangazaji havikuwemo kwenye mauzo hayo, lakini hata hivyo ni biashara ya kuumiza kichwa.

Kisha ukaja mkasa wa vitabu vya hesabu, na hapa ndipo wengi hupotea. Kwa miaka mingi Avid ilikuwa ikiwapa wateja marekebisho na maboresho bure baada ya kuwauzia. Mteja hufurahi, nani asiyependa cha bure? Mhasibu naye hukuna kichwa. Chukua mfano wa harusi ya Kisauni: bwana harusi amekulipa zote kabla, pesa umeshaitia mfukoni, lakini bado unadaiwa video, albamu na marekebisho ya mama mkwe. Hujamaliza kuichuma pesa ile. Ndivyo ilivyoonekana kwa Avid: kwa kuwa mteja alitarajia maboresho hayo, sehemu kubwa ya bei ilipaswa kuandikwa kidogo kidogo kwa miaka, si yote siku ya mauzo.

Mwaka 2013 kampuni ikachelewesha hesabu zake na kuanza kuzipitia upya miaka kwa miaka. Februari 2014 Nasdaq, soko la hisa la Marekani, ikaiondoa kwa kukosa kuwasilisha ripoti. Ilirudishwa Desemba mwaka huohuo. Kinachonichekesha ni kwamba ripoti za baadaye zilibeba mapato ya mauzo ya kabla ya 2011, ambayo fedha yake ilikuwa imeshaliwa zamani. Aliyesoma jumla tu aliona kampuni nono kuliko ilivyokuwa.

Wakati huo washindani hawakulala. Adobe, wenye programu ya kuhariri ya Premiere Pro, ilihamia malipo ya kila mwezi mwaka 2013, na Blackmagic Design ya Australia ikawa inagawa programu yake ya kuhariri, DaVinci Resolve, bure kwa sababu faida yake iko kwenye kamera na vifaa. Avid haikuwa na kamera ya kuuza. Ikabidi nayo ishike njia ya malipo ya vipindi.

Novemba 2023 kampuni ya uwekezaji STG ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 1.4, dola 27.05 kwa kila hisa, na Avid ikatoka kwenye soko la hisa, safari hii kwa hiari. Maana yake kwetu: hesabu zake hatuzioni tena kila robo mwaka.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana: mwenye ndoto ya kufanya kazi kwenye kituo cha televisheni ajifunze. Anayeediti harusi za Nyali na Likoni, Resolve ya bure inamtosha kabisa. Na kwa programu yoyote ile, kazi ikiisha toa video kamili yenye ubora wa juu na faili ya AAF au XML (ramani ya mikato yako ambayo programu nyingine inaweza kuisoma), uziweke kwenye diski mbili tofauti.