Sanaa ya video ya uhamaji ni nini?

Sanaa ya video hutumia picha zinazotembea na sauti, lakini msanii huamua pia jinsi kazi itakavyotazamwa: ukubwa wa picha, idadi ya skrini, mahali pa spika, kama mtazamaji ataketi au atasimama. Makala ya televisheni kuhusu wakimbizi hueleza nani alikimbia, lini na kwa sababu gani. Sanaa ya video inaweza kuyaacha hayo yote na kushughulika na hali moja tu, kama vile kuishi mbali na watu wako bila njia ya kurudi.

Mfano unaoeleweka upesi ni Measures of Distance ya Mona Hatoum, ya mwaka 1988, yenye dakika 15 hivi. Hatoum alizaliwa Beirut mwaka 1952 katika familia ya Kipalestina. Mwaka 1975 alikuwa London kwa matembezi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Lebanon, naye akakwama huko. Kazi yake ina tabaka nne. Chini kuna picha za mnato za mama yake akioga. Juu yake zimelazwa barua za mama huyo kwa mwandiko wa Kiarabu, mistari ikikaa mbele ya mwili kama seng'enge. Halafu kuna maongezi ya mama na binti kwa Kiarabu, yenye vicheko, na juu ya maongezi hayo sauti ya Hatoum ikisoma barua kwa Kiingereza, taratibu na kwa huzuni. Asiyejua Kiarabu husikia kicheko asijue kinachochekesha. Anayekijua huzibwa masikio na Kiingereza. Kila mtazamaji hukosa kitu, na huo ndio umbali unaotajwa kwenye jina la kazi. Mapigano hayaonyeshwi kabisa. Vita vimo ndani ya barua: ya mwisho inaeleza kuwa posta ya mtaani imeharibiwa na bomu.

Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara mwaka 1963, alipita njia nyingine. Out of Blue (2002) inarudi Uganda, ambako Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke mwaka 1972. Kamera inapita kwenye mandhari, majengo matupu na uwanja wa ndege. Watu karibu hawaonekani, na sauti ndizo zinazowarudisha. Mbinu hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Sauti zikiwa dhaifu, kinachobaki ni picha nzuri za magofu.

Kuhusu usalama wa wahusika, tazama The Mapping Journey Project ya Bouchra Khalili, video nane zilizotengenezwa kati ya 2008 na 2011. Kamera imetulia juu ya ramani, na unaona mkono tu ukichora kwa kalamu ya wino mzito safari iliyofanywa bila vibali, mwenye mkono akisimulia. Wanaoiga mbinu hii husahau kwamba kuficha uso pekee hakutoshi penye hatari. Sauti, kovu, pete, hata taarifa za mahali na saa zilizomo ndani ya faili, zinaweza kumtambulisha mtu. Ridhaa nayo iombwe mara tatu: ya kurekodi, ya kuonyesha ukumbini, na ya kuweka mtandaoni. Aliyekubali la kwanza hajakubali la tatu.

Skrini zikiwa zaidi ya moja, mpangilio wenyewe unasema jambo. Katika Turbulent ya Shirin Neshat (1998), msanii Mwirani anayeishi Marekani, skrini mbili zinatazamana: mwanamume anaimba mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, mwanamke anaimba mbele ya viti vitupu. Mtazamaji yuko katikati na lazima achague amgeukie nani.

Kazi za aina hii huharibikia kwenye ufungaji wa vifaa ukumbini. Vicheza video viwili vikiwashwa kila kimoja kivyake, hutofautiana kidogo katika kila mzunguko, na kufikia jioni sauti haiendani tena na picha ya upande wa pili. Dawa ni kimoja kukiongoza kingine kwa waya wa mtandao, au kompyuta moja kulisha projekta zote. Projekta yenye uwiano wa 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) huhitaji umbali wa mita 6 ili itoe picha ya upana wa mita 4, na lazima ining'inizwe juu, la sivyo vivuli vya watu vitaangukia skrini. Kuta tupu hurudisha mwangwi unaomeza maneno, kwa hiyo huwekwa zulia na mapazia mazito. Mlangoni huandikwa urefu wa kazi na saa zinapoanza duru, maana wengi huingia katikati.

Jambo la mwisho ni tafsiri ya maandishi chini ya picha. Msanii akitaka sehemu fulani isitafsiriwe, aandike hivyo kwenye maelekezo ya ufungaji. Asipoandika, ukumbi utaona ni kasoro na kuirekebisha.