Soma Kabla ya Kubonyeza Y: Kusasisha Kompyuta kwa Amri

Kompyuta nyingi zinazoletwa kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mtwara huja na lalamiko moja: "imechoka." Ukiichunguza unakuta haijasasishwa tangu inunuliwe. Sababu ni bando. Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Tandahimba ameiunganisha na hotispoti ya simu atume ripoti ya korosho, kumbe kompyuta inajipakulia mambo yake kimyakimya. Bando limekata, ripoti haijaenda. Tangu siku hiyo kazima masasisho yote.

Hasira hiyo naielewa, lakini kuzima ni hatari. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu ndani ya Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka kilikuwepo miezi miwili nzima. Waliokuwa hawajakiweka ndio walioumia.

Anayetumia Ubuntu, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, ana njia ya kusasisha huku akilinda bando lake. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, dirisha la amri lifunguke, kisha andika:

sudo apt update

Neno sudo linaomba mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo utadaiwa nenosiri. Hapa wengi hukwama, maana kwenye matoleo mengi ya Ubuntu unaandika na hakuna herufi wala nyota inayotokea. Kibodi ni nzima. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Amri hiyo haijagusa programu hata moja. Umesoma ubao wa bei; orodha yenyewe imekula bando kidogo, lakini hela kubwa hujatoa. Inayotoa hela kubwa ni hii:

sudo apt upgrade

Itapanga majina ya programu zinazosubiri, kisha isimame kwenye mistari kama hii:

Need to get 312 MB of archives.
Do you want to continue? [Y/n]

Hiyo 312 MB ndiyo itakayokatwa kwenye bando lako, na kompyuta haitapakua kitu mpaka ujibu. Tazama vizuri: Y ni herufi kubwa. Maana yake ukigusa Enter tupu, umekubali. Kama salio halitoshi, andika n, ubonyeze Enter, urudi ukiwa na bando la kutosha. Hakuna kitakachoharibika kwa kuahirisha siku mbili tatu.

Kuna jambo moja linaloniudhi. Kwenye Ubuntu za karibuni kivinjari cha Firefox huja kwa njia ya snap, mfumo mwingine wa kuweka programu usiopitia apt, nayo hujisasisha bila kumuuliza mtu. Ukiwa kwenye hotispoti, izuie kwa saa 24:

sudo snap refresh --hold=24h

Kwa Windows, fungua PowerShell, dirisha lake la amri, uandike winget upgrade. Itaorodhesha tu programu zilizopitwa na wakati. Ukiongeza --all mwishoni ndipo inaanza kuzisasisha, ila haikutajii jumla ya MB mapema, kwa hiyo ifanye ukiwa na intaneti ya uhakika. Windows yenyewe haisasishwi na amri hii. Hiyo bado iko kwenye Settings, sehemu ya Windows Update. Na kwa wenye Windows 10: masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga mapema kuhamia Windows 11 au Ubuntu.

La mwisho ni umeme. Usianze kusasisha kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha akiba ya umeme) siku ambayo umeme unakatika na kurudi, wala laptopu yenye betri iliyokufa. Ukikatikiwa katikati, Ubuntu inaweza kugoma kuweka programu yoyote mpya. Usikimbilie kufuta kila kitu na kuanza upya, kama mafundi wengine wanavyoshauri. Washa, fungua dirisha la amri, andika:

sudo dpkg --configure -a

Iache imalizie ilipoishia, kisha rudia apt update na apt upgrade.