Moyo wa mzee na jua la kaskazi: yasemwayo na yaliyo kweli

Mzee ametoka Shela kwa miguu, kilomita kama tatu za jua kali la Februari, amefika Mkunguni, mjini Lamu, na kujibwaga barazani. Mtu humshika mkono, akahesabu mapigo, akasema: "Moyo umetulia, hana neno."

Hiyo ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Kasi ya juu ya moyo hukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Kijana wa miaka 20 aweza kufika mapigo 200 kwa dakika. Mzee wa miaka 70, karibu 150 tu. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa amelemewa kabisa, na mapigo yasionyeshe. Anayemeza dawa za presha kama atenolol au propranolol ndiyo kabisa, maana dawa hizo huziba vipokezi vya adrenalini, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo ya kuuchochea moyo.

Wengine husema uzeeni homoni za kuuchochea moyo hukauka. Sivyo. Kwa kawaida noradrenalini, mojawapo ya homoni hizo, huwa nyingi zaidi katika damu ya wazee. Kilichopungua ni usikivu: vile vipokezi, aina ya beta, kwenye seli za moyo vimeitwa miaka mingi hata havigeuki upesi. Msuli nao hulegea polepole baada ya kila pigo.

Mzee mwenye afya hujimudu vipi basi? Utafiti wa Baltimore, Marekani, ulioanza 1958, ulionyesha kwamba akifanya kazi ngumu moyo wake hujaa damu zaidi na kusukuma nyingi kwa kila pigo. Hapo ndipo joto linapomwumiza. Mishipa ya ngozi hufunguka, damu hukimbilia huko, jasho huondoa maji, na damu inayorudi moyoni hupungua. Lile lile analolitegemea ndilo analonyang'anywa.

Na baridi? Watu hudhani hulegeza msuli wa moyo. Msuli uliopozwa kiasi hupiga polepole, lakini hukaza kwa nguvu zaidi.

"Hana kiu, mwacheni." Kiu hufifia na umri, kwa hiyo babu apewe maji kabla hajaomba, isipokuwa daktari amempimia kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Dawa za presha asiziache bila ushauri. Akianza kuchanganya maneno na mwili unawaka, msingoje jua litue: mtieni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na mmoja wenu akatafute usafiri wa hospitali papo hapo.