Boya la njano halilindi motere yako

Kila tunapozungushia kichaka cha gugu maji maboya ya njano hapa kwenye ghuba ya Bukavu, Ziwa Kivu, nahodha mmoja lazima atushukuru: "Aksanti, sasa motere yangu haitanasa tena." Papa, hapana. Boya lile linalinda ziwa dhidi ya motere yako.

Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na Mto Kongo unalifahamu tangu miaka ya 1950. Linaelea bila kushika udongo. Mmea mama hutoa kikonyo pembeni, mwishoni mwake mtoto, naye mtoto hutoa wake. Elisi, ile panga ya motere inayozunguka majini, ikipita katikati inakata vikonyo na kuwatenganisha watoto na mama, kisha upepo unawatawanya. Majani yaliyosagika yataoza, sikatai. Lakini pale majani yanapokutana juu ya mizizi pakibaki pazima, mmea unaota upya. Kwa hiyo anayejisifu "nimeyapitia kwa kasi, nimeyamaliza" amepanda shamba. Na yanayokatika huku kwetu yanaelekea Ruzizi, mto unaotoka ziwani, ambako chupa za plastiki tayari zinaziba mitambo ya bwawa la umeme.

Maboya ya rangi nyekundu na kijani ni ya njia ya vyombo, mnayajua. Njano yenye alama ya X juu maana yake eneo maalumu: zunguka kwa mbali. Nasema kwa mbali kwa sababu boya halisimami mahali pamoja. Kamba yake ni ndefu kuliko kina cha maji, ili mawimbi yasilizamishe, basi linazungukazunguka juu ya jiwe linalolishikilia chini majini. Leo liko nje ya kichaka, kesho liko ndani yake.

Tena msilifungie pirogi, yaani mtumbwi! Kivu, yenye kina cha hadi mita 485 hivi, mahali pengi inateremka ghafla karibu kabisa na ufuko. Jiwe likivutwa kidogo linateleza mteremkoni, na boya linazama nalo.

Mashaka ninayo. Vifaranga vya samaki hujificha kwenye majani, na wavuvi wanalijua hilo. Pengine boya linawaonyesha pa kutupa nyavu. Kamba zetu nazo hushika vipande vya gugu, hatuwezi kuzihamishia ziwa jingine bila kuzisafisha na kuzikausha.

Elisi ikinasa, zima motere, inyanyue, toa majani kwa mkono, uyaweke ndani ya mfuko. Yaanike nchi kavu, juu kabisa, mbali na mfereji wa mvua.